Imperfecto ya Kihispania: nusu ushaijua, ila unapita njia ndefu

Sasa nyinyi mnaojifunza Kihispania huku Mombasa, hii imperfecto, yaani wakati uliopita wa jambo lililokuwa likiendelea au la mazoea, mnaiogopa bure wallahi. Kwa nyakati zote za Kihispania hakuna ulio mwepesi kama huu: miisho ni ya aina mbili tu, na vitenzi vinavyokataa kufuata sheria ni vitatu basi. Shida iko kwengine. Mtu anawaza kwa Kiswahili, anaipeleka sentensi Kiingereza manake ndo lugha iliyo kwenye programu ya simu na kwenye vitabu, kisha ndo anaitoa kule kuipeleka Kihispania, ikifika ishachoka. Kiingereza hakina kitu kimoja kinacholingana na imperfecto, wao mara wanasema hivi mara vile. Sisi tunacho, tunakitumia tangu utotoni: nilikuwa nikienda, nilikuwa naenda, na wengine wetu tunasema nalikuwa nikenda. Yote sawa. Kwa hivyo hapa tutatoka Kiswahili moja kwa moja hadi Kihispania, hatushuki popote.

Tuanze na miisho manake ndo kazi ndogo.

Kitenzi cha -ar, mfano hablar, kuongea. Ng'oa hiyo -ar ubaki na habl-, kisha bandika:

yo hablaba, nilikuwa nikiongea
tú hablabas, ulikuwa ukiongea
él, ella, usted hablaba, alikuwa akiongea (na "wewe" ya heshima)
nosotros hablábamos, tulikuwa tukiongea
vosotros hablabais, mlikuwa mkiongea
ellos, ellas, ustedes hablaban, walikuwa wakiongea

Vya -er na -ir vinakula sahani moja. Comer, kula: comía, comías, comía, comíamos, comíais, comían. Vivir, kuishi: vivía, vivías, vivía, vivíamos, vivíais, vivían. Imeisha hiyo. Hiyo ya vosotros inatumika Uhispania, ukiwa na watu wa Amerika ya Kusini au Mexico utasikia ustedes peke yake, kwa hivyo kama wageni wako ni wa huko unaweza kuiweka kando kwanza.

Na kama ulihangaika na wakati uliopo, zile pienso, duermo, juego ambapo shina linabadilika badilika, huku hakuna hayo. Pensar ni pensaba, dormir ni dormía, jugar ni jugaba, pedir ni pedía. Hata vile vikorofi vya tengo, hago, digo, salgo vinatulia: tenía, hacía, decía, salía. Vitatu vilivyobaki na ukaidi ni hivi, vikariri leo usivirudie tena. Ser, kuwa: era, eras, era, éramos, erais, eran. Ir, kwenda: iba, ibas, iba, íbamos, ibais, iban. Ver, kuona: veía, veías, veía, veíamos, veíais, veían, ambacho hata si kikaidi sana, kimebakisha tu ile e yake.

Sasa matamshi, na hapa mtu wa pwani ana bahati ambayo hata hajui kama anayo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, si ndio? Basi habLAba, coMÍa, viVÍan, haBLAban, zote ziko hapohapo, zisome kama unavyosoma Kiswahili na utakuwa sawa. Inayovunja ni nosotros peke yake: haBLÁbamos, coMÍamos, mkazo unarudi nyuma hatua moja. Ukiisema hablaBAmos utaeleweka lakini itasikika vibaya, kwa hivyo hiyo moja ifanyie mazoezi kwa sauti.

Halafu zile sauti ambazo wenzetu wa bara na Wazungu wengine huteseka nazo, sisi tunazo mdomoni. J ya trabajaba ni kh ya kheri, itamke kama trabakhaba. D ikiwa katikati ya vokali inalainika ikakaribia dh ya dhahabu, kwa hivyo podía inakuwa podhía. G katikati ya vokali inaelekea gh ya ghali: llegaba ni kama yeghaba. Z ya cruzaba kwa watu wengi wa Uhispania ni th ya thelathini, na Amerika ya Kusini ni s ya kawaida. H haisomwi, hablaba inaanza na a. V na b ni sauti moja, na ile b ya -aba usiibane, midomo ikaribiane tu bila kufungana kabisa. Mtoto wa chuoni aliyesomeshwa makharija na maalim wake hizi atazimaliza kwa jioni moja.

Hayo ndo umbo. Kazi yenyewe ni kujua lini uweke imperfecto na lini uweke ule wakati mwengine uliopita, hablé, comí, llegó (niliongea, nilikula, alifika), ambao wanauita indefinido.

Mtihani wangu ni huu: chukua sentensi yako ya Kiswahili uone kama inakubali -likuwa -ki- (au -likuwa -na-) bila maana kuharibika. Ikikubali, weka imperfecto. Ikikataa, weka indefinido. Tunahitaji mtihani kwa sababu -li- yetu ni ya kazi zote. Ukisema "zamani tuliishi Majengo" na ukisema "jana tulifika Majengo" zote ni -li-, lakini ya kwanza inageuka kuwa "tulikuwa tukiishi Majengo" na hakuna aliyeshtuka: vivíamos en Majengo. Ya pili ukisema "jana tulikuwa tukifika Majengo" kila mtu kwenye baraza atakuangalia. Kwa hivyo: ayer llegamos a Majengo.

Na -ka- je? Hiyo ni indefinido, usiitilie shaka. Akaingia, akaona, akatoka: entró, vio, salió. Mtu anayejua kupiga hadithi kwa Kiswahili tayari anajua kugawanya hizi nyakati mbili, manake anaanza na "palikuwa na mzee alikuwa akikaa peke yake" halafu ndo zinakuja zile -ka- moja baada ya nyengine. Hata Wahispania hadithi zao huanza na imperfecto, había una vez, palikuwa na... Imperfecto ni mkeka uliotandikwa, indefinido ni wageni wanaoingia mmoja mmoja kuukalia.

Mfano wa Likoni. Mientras esperábamos el ferry, empezó a llover. Tulikuwa tukingoja feri, mvua ikaanza. Kungoja ndo hali iliyokuwa ikiendelea, mvua ndo tukio. Lakini ukisema mientras esperábamos el ferry, llovía, basi mvua ilikuwa ikinyesha muda wote huo mko pale mmerowa, hakuna kilichoanza wala kilichokwisha. Ona vile kitenzi kimoja kimebadilisha picha nzima.

Mwengine, kwa watu wa mpira. Messi jugó en el Barcelona de 2004 a 2021. Hapo umefunga mlango pande zote mbili, mwaka wa kuanza na mwaka wa kuondoka, hesabu imekwisha, kwa hivyo indefinido, ijapokuwa ni miaka mingi. Halafu sema: cuando Messi jugaba en el Barcelona, veíamos los partidos en casa de mi tío. Alipokuwa akicheza Barcelona tulikuwa tukitazama mechi kwa ami. Ni Messi yuleyule na Barcelona ileile, ila sasa hakuna anayehesabu, tuko ndani ya zile siku. Watu wengi huamini imperfecto ni ya mambo ya muda mrefu na indefinido ni ya mambo mafupi, si kweli hata kidogo. Viví diez años en Mombasa ni indefinido na miaka kumi si mifupi. Ukitaja muda kamili au idadi ya mara, miaka kumi, mara tatu, kuanzia hapa mpaka pale, mlango umefungwa, wacha imperfecto.

Maneno ya kukusaidia yapo, siempre (daima), todos los días (kila siku), cada viernes (kila Ijumaa), a menudo (mara kwa mara), a veces (mara nyengine), antes (zamani), de niño (utotoni) au de niña kama ni msichana, haya huvuta imperfecto. Ayer (jana), anoche (jana usiku), de repente (ghafla), un día (siku moja), el año pasado (mwaka jana), haya huvuta indefinido. Lakini usiyategemee kama dini. Ayer a las nueve yo cenaba ni Kihispania safi kabisa, jana saa tatu usiku nilikuwa nikila chakula cha jioni. Mtihani wa Kiswahili unakushinda mara chache kuliko kukariri orodha.

Nimesema mara chache, kwa hivyo nikuonyeshe mahali unapoweza kuteleza. Kuna vitenzi vyetu vya hali ambavyo havipendi -ki-, vinataka -me-: nilikuwa nimevaa, nilikuwa nimelala, nilikuwa nimechoka, alikuwa amesimama. Kwa Kihispania hivyo pia ni imperfecto kwa sababu ni hali inayoendelea: llevaba un buibui negro, alikuwa amevaa buibui jeusi; dormía, alikuwa amelala; estaba cansado, nilikuwa nimechoka. Ila "nilikuwa nimekula", ikiwa maana yako nilikuwa nishamaliza kula, hiyo inafanana na hizo kwa umbo tu la Kiswahili chetu, kwao ni wakati mwengine, había comido. Jiulize: ni hali niliyokuwa nayo, au ni kitendo nilichokuwa nishakimaliza? Hali ni imperfecto.

Sasa ile sehemu tamu ambapo Kiswahili na Kihispania vinakubaliana na Kiingereza kiko peke yake. Umri. Sisi tunasema nilikuwa na miaka kumi, tuna "na", ni kumiliki. Wao pia: tenía diez años. Njaa: tenía hambre, nilikuwa na njaa. Kiu, tenía sed. Usingizi, tenía sueño. Hofu, tenía miedo. Haraka, tenía prisa. Ukipitia Kiingereza utaandika era hambre na mambo kama hayo ya ajabu, ukitoka Kiswahili utaipata mara ya kwanza. Yote haya ukisimulia ni imperfecto, kwa sababu ni hali za mwili na roho, hazina mwanzo wala mwisho uliotajwa.

Vilevile "kulikuwa na", ni había. Na kama vile kulikuwa na haibadiliki ikiwa jahazi ni moja au ni kumi, había nayo haibadiliki: había un barco, había muchos barcos. Utasikia watu wakisema habían muchos, hata wenyewe waliozaliwa na lugha hiyo huisema, lakini kwenye mtihani watakukata maksi. Joto letu nalo: hacía calor, kulikuwa na joto, neno utakalolihitaji sana ukieleza Mombasa ya Februari au Machi.

Saa ni imperfecto daima, lakini hapa jihadhari manake saa yetu na yao hazianzi pamoja. Ilikuwa saa tatu asubuhi, kwao ni eran las nueve. Ilikuwa saa saba mchana ni era la una, na angalia hapo ni era kwa umoja kwa sababu ni moja, saa nyengine zote ni eran. Kichwa kinataka kusema eran las siete kwa saa saba, na hapo ndo mgeni anakuja kukungojea ngomeni saa moja asubuhi na wewe bado hujaoga.

Kuna vitenzi ambavyo maana yake inasogea ukibadilisha wakati. Sabía, nilikuwa najua. Supe, nilikuja kujua, nikapata habari. Conocía a tu hermano, nilikuwa nikimjua nduguyo. Conocí a tu hermano en Nyali, ndo tulipojuana, mara ya kwanza. Podía, nilikuwa na uwezo. Pude, niliweza, nikafanikiwa. Hapa tena mtihani unafanya kazi, "nikapata kujua" ina -ka-, ishakwambia.

Na heshima. Huku kwetu ukiingia dukani hutupi tu "nataka", unalainisha: samahani, nilikuwa nataka kukuuliza. Wao vilevile: perdone, quería preguntarle una cosa. Sokoni, quería medio kilo de tomates, nilikuwa nataka nyanya nusu kilo. Si kwamba ulitaka jana, unataka sasa hivi, ila adabu ndo imeingia. Ukiwa unafanya kazi na wageni hii quería peke yake itakufikisha mbali kuliko quiero, ambayo kwa mtu usiyemjua inaweza kusikika kavu.

Karibu na hapo kuna iba a, ya kile ulichokuwa unataka kufanya kikakatika. Iba a llamarte, pero me dormí. Nilikuwa nikupigie simu lakini nikapitiwa na usingizi. Kisingizio safi kwa lugha mbili.

Tuweke yote pamoja, soma polepole:

De niña yo vivía en el casco antiguo de Mombasa. Mi abuela preparaba mahamri todas las mañanas y la casa olía a cardamomo. Mis hermanos y yo comíamos en el suelo, mi padre leía el periódico y los vecinos entraban sin llamar. En Ramadán rompíamos el ayuno con dátiles. Un día entró un gato, robó un pescado y salió corriendo. Mi abuela gritó, pero mi padre no podía levantarse de la risa.

Kwa Kiswahili: nilipokuwa mtoto nilikuwa nikiishi Mji wa Kale. Nyanya alikuwa akipika mahamri kila asubuhi na nyumba ilikuwa ikinukia iliki. Mimi na ndugu zangu tulikuwa tukila chini, baba alikuwa akisoma gazeti na majirani walikuwa wakiingia bila hodi. Ramadhani tulikuwa tukifuturu kwa tende. Siku moja paka akaingia, akaiba samaki, akatoka mbio. Nyanya akapiga kelele, lakini baba alikuwa hawezi kuinuka kwa kicheko.

Umeona paka alipoingia? Kila kitu kilikuwa -aba na -ía, kisha un día, na hapo entró, robó, salió, gritó. Halafu tukarudi kwa podía kwa sababu baba kutoweza kuinuka ni hali. Na kukataa hakuna kazi, unatia no mbele ya kitenzi, no podía, no comía, basi.

Kwenye ile aya nimeandika yo vivía, sijasema vivía tupu, manake yo na ella zina umbo moja. Sisi tumezoea ni- na a- kutuambia nani, huku kitenzi kimenyamaza. Cuando llamaste, cocinaba: nani alikuwa akipika, mimi au dada? Mtu hajui. Ukiona kuna utata taja yo au ella, ukiona mambo yako wazi wacha, usiwe unaitia yo kila sentensi utaonekana unajisifu.

Mazoezi, fanya hivi: andika sentensi tano au sita za utoto wako kwa Kiswahili kwanza, zote za -likuwa -ki-, skuli, madrasa, mchezo, chakula, baharini. Zigeuze. Halafu tia tukio moja la -ka- katikati uone kama unajua kubadilisha gia. Jirekodi kwa simu ukizisoma, sikiliza zile za nosotros hasa.

Na ukiandika usiache alama za juu, kwenye simu bonyeza hiyo i bila kuachilia zitatokea. Si urembo. Hacía ni alikuwa akifanya, hacia bila alama ni kuelekea. Sabía ni alikuwa akijua, sabia ni mwanamke mwenye hekima. Na ukiona herufi nyingi kuliko ulizotarajia, comería badala ya comía, hiyo ni ningekula, jambo jengine kabisa.